Daktari wa Kushawishi Apanda Mgeta

Godlisten alisomea kushawishi watu huko Ujerumani ya Mashariki, kwa fedha za chama. Alirudi Morogoro na udaktari wa saikolojia pamoja na koti zito ambalo hakulivua hata kwa joto la Januari. Sukari ilipoadimika, aliwafundisha makada kwamba foleni ni uzalendo. Ruksa ya biashara huria ilipokuja na duka la Taherali likajaa sukari hadi mlangoni, daktari alifuta ubao akafundisha kwamba foleni ni utumwa. Chaki ile ile, koti lile lile. Kanuni yake nayo haikubadilika: usiruhusu maswali, yanautia ujumbe maji.

Mwaka 1994 kampuni moja ya maua ilitamani miteremko ya Mgeta. Daktari akiwashawishi Waluguru wa huko waikodishe, angepewa ukurugenzi wa uhusiano na Pajero. Mkewe, Ester, alikwisha kuwatangazia majirani hadi rangi ya gari.

Basi akapanda mlimani, akachinjisha mbuzi, akakusanya wanaume peke yao. Kwao Machame, Kilimanjaro, shamba ni la baba, na hakuona kwa nini milima mingine iwe na akili zake. Akahutubia mpaka jua likageuka, sauti akiipandisha kwenye “maendeleo” na kuimeza kwenye “miaka tisini na tisa.” Wanaume wakaitikia kwa vichwa, wakanyoosha mikono, wakamaliza supu. Daktari akashuka kuripoti ushindi.

Wiki iliyofuata aliwaleta wakubwa wa kampuni kutia saini. Walikuta wanawake wamekaa mbele, wanaume wameegemea ukuta. Bibi Scholastika, mkubwa wa ukoo, alipokea shikamoo ya daktari huku akilitazama lile koti.

“Marahaba, mwanangu. Hawa uliowalisha ni waume zetu, wamekuja kuoa tu. Ardhi ni ya mama zetu, na sisi hatukodishi.”

Daktari akamgeukia Leonard, ambaye siku ile alinyoosha mikono yote miwili. “Mbona hukusema?”

“Uliuliza kama tumeelewa, Daktari. Tulielewa. Na mbuzi alikuwa mtamu.”

Wakubwa wakaondoka na Pajero yao. Godlisten alishuka mjini juu ya lori la kabichi, na Ester akawaambia majirani kuwa rangi ile imeisha bandarini.

Muhula mpya ulipofunguliwa, daktari alifundisha habari za hotuba moja ya Mgeta iliyowashawishi wasikilizaji wote, bila kubaki hata mmoja. Wanafunzi waliandika kwa bidii. Maswali, kama kawaida, hayakuruhusiwa.