Sinia la Tempe la Pak Karsidi

Pak Karsidi, yaani Mzee Karsidi, aliliongoza gazeti letu la Suara Pesisir tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na miaka yote hiyo adui yake hakuwa gavana wala polisi. Adui yake lilikuwa neno moja. Polisi wetu wa pwani hii ya Java hawakamati mtu. Taarifa zao husema mtu "amehifadhiwa". Neno hilo likipenya kwenye habari, Pak Karsidi alilikata kwa kalamu nyekundu, kisha akamwita mwandishi mbele ya wenzake.

"Kinachohifadhiwa ni achari, bwana. Mtu anakamatwa. Ukisema amekamatwa, sheria inaamka: kosa lipi, wakili yuko wapi, anatoka lini? Ukisema amehifadhiwa, sheria inaendelea kukoroma. Haya, tempe."

Hiyo ndiyo ilikuwa faini. Aliyekosea neno alinunua sinia la tempe za kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa, na pilipili zake, chumba kizima kikala huku kikimcheka. Rukmi, mwandishi mdogo kuliko wote, alitulisha mwaka wake wa kwanza mpaka tukanenepa. Baadaye akawa hakosei tena, na mzee akampenda kama binti yake.

Gavana mpya alipomwita mzee awe mshauri wake wa habari, tulimtania vibaya.

"Kwa hiyo sasa wewe ndiye utakuwa unahifadhi watu," Rukmi alimwambia, akilitazama shati lake jipya la batiki.

"Naenda kuwafundisha kuandika," alisema. "Mtaona."

Na kweli tuliona. Simu zetu alizipokea hata akiwa anakula. Mafuriko yalipokuja, tangazo la gavana lilisema wazi vijiji gani vihame na viende wapi, bila maneno ya mapambo. Waliomwita msaliti hawakumjua. Mimi, Tutik, niliyerithi kiti chake cha uhariri, nilimwonea fahari.

Kisha mashamba ya chumvi yakatakiwa kwa ajili ya bandari mpya. Wakulima wakalala barabarani kuyatetea, na Rukmi, aliyekwenda kuandika habari, akapakiwa kwenye gari la polisi pamoja nao. Wakili wetu akaishia langoni mwa kituo cha polisi. Hakuna aliyekamatwa, aliambiwa, kwa hiyo hakuna mteja wa kuonana naye. Alasiri ikaja taarifa ya ofisi ya gavana: mwandishi mmoja "amehifadhiwa". Chini yake, jina la Pak Karsidi.

Nilimtukana kwa sauti, na nilimaanisha. Kabla sijamaliza, mwendesha pikipiki akaingia na sinia la tempe za kukaanga, bado za moto, na pilipili zake. Pale chumbani hakuna aliyekuwa amekosea siku hiyo. Tukatazamana. Simu yangu ikalia.

"Tempe zimefika?"

"Zimefika, Pak."

"Huku wamenikatalia kulibadilisha lile neno. Basi nimeshalipa. Fanyeni kazi yenu."

"Na wakiuliza nani kasema amekamatwa?"

"Andika ni mimi. Na jina langu usilikosee."

Tukaandika: mwandishi wetu amekamatwa, mshauri wa gavana athibitisha. Wakili akarudi langoni na gazeti mkononi, na safari hii ikabidi wamfungulie, kwa kuwa aliyekamatwa ana haki ya wakili. Rukmi alitoka amechakaa, amekonda uso, lakini mzima.

Wiki iliyofuata ofisi ile ile ikatuletea taarifa nyingine: Pak Karsidi "amepumzishwa", kwa shukrani nyingi. Niliisoma nikashindwa kuinua kalamu. Mtu mzima yule, ana wajukuu, na majirani watasoma. Nilimhurumia. Nikaiacha kama ilivyo, nikaipeleka ukurasani.

Baada ya muda Rukmi akaja mezani kwangu na ukurasa ule. Alikuwa amelikata lile neno kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: amefukuzwa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Dada Tutik," alisema, "tempe."

Nilinunua masinia mawili. La pili tulimpelekea mzee nyumbani kwake, pamoja na gazeti.