Sifa Aliyoniachia Shoga Yangu

Nimekosa, na nasema mapema ili msije mkanionea huruma kabla hamjanisikiliza.

Mimi ni binti wa Chang'ombe. Nilisoma fizikia na shoga yangu Rehema wa Mbezi Beach, ambaye mama yangu humwita mwanangu. Tukapata kazi pamoja, kupima kwa mtandao chipu ya kompyuta ya kwantamu iliyoko ughaibuni. Chipu hiyo huwekwa kwenye baridi inayoshinda friza yoyote, ili umeme upite ndani yake bila kupotea. Sisi tulipima vipande vyake vinaweza kushika hesabu kwa muda gani kabla haijaviponyoka.

Kipande kimoja kilinitesa. Asubuhi kinashika vizuri, jioni kinaachia. Tulitakiwa kuandika yote mawili.

"Mwaya, hizo namba za jioni zifute," Rehema akaniambia. "Mashine tu hiyo inasumbua. Wachoraji wa chipu mpya wanasubiri vipimo vyetu."

Nikafuta. Hakuna aliyenishikia kisu. Halafu akataka kwenye ripoti niandike jina langu peke yake.

"Mie kwetu wana uwezo. Wewe ndo unatafuta nafasi ya kwenda kusoma. Chukua, shosti."

Nililia kwa furaha. Mama aliposikia akapika pilau, akampelekea kwenye hotipoti yake ya wageni.

Wachoraji wakatengeneza chipu kubwa wakifuata vipimo vyangu. Ikashindwa kabisa, na jasho la watu wengi likapotea bure. Kwenye kikao, sote tukiwa kwenye skrini, mkuu wetu akauliza nani alipima. Nikamsubiri Rehema aseme ni sisi.

"Jina si liko kwenye ripoti?" akasema. "Mie sikuhusika."

Jamani! Hata sauti haikumtetemeka. Nyuma yake, mezani, niliiona hotipoti ya mama. Alikuwa hajairudisha.

Nikaachishwa kazi, na nafasi ya kusoma ikaenda na maji. Yeye bado yupo pale pale. Inaniuma mpaka leo. Mama ananiuliza kila mara mbona mwanawe haji siku hizi, nami nabadilisha mazungumzo, maana nikisema alichonifanyia itabidi niseme na nilichofanya mimi.

Ndugu zangu, mkifanya kazi wawili halafu mwenzako akakuachia sifa zote, usikimbilie kushukuru. Muulize anakimbia nini. Mimi sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa najua.