Herufi Kubwa za Mzee Gedevan

Tsiala alikuwa na kazi ambayo hata mumewe alishindwa kuwaeleza watu. Kila jedwali la herufi za kompyuta za dunia nzima lilipotolewa upya, yeye, ofisini kwao Tbilisi, alilipitia mstari kwa mstari kuona herufi gani za Kijojia zimebadilishiwa utaratibu kwenye anwani za mtandao. Kazi ya kuumiza macho, na shukrani hakuna.

Kwa hiyo baba mkwe wake, Mzee Gedevan wa Telavi, alipomwomba ushauri, alivimba kichwa. Mzee alitaka anwani ya divai yake iwekwe kwa herufi kubwa ndani ya ile alama ya mraba inayosomwa kwa kamera ya simu.

"Divai yangu haiinamishi kichwa," alisema. "Itafunguka, mkwe?"

Jedwali jipya lilikuwa limeziingiza herufi kubwa za Kijojia na kuagiza zigeuzwe kuwa ndogo. Tsiala akajaribu kwa simu yake, ikafunguka.

"Bandika, baba!"

Chupa mia nne zikabandikwa.

Jumapili akaja Zaur, mwenye hoteli, mnunuzi aliyesubiriwa mwaka mzima. Nyama ikachomwa, glasi zikainuliwa kwa amani, kwa wazazi, kwa marehemu. Kisha Zaur akatoa simu yake kongwe, kioo kimepasuka, akailenga chupa. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa.

"Gedevan, divai yako inaishi wapi? Simu inasema hakuna mahali kama hapo."

"Simu yako imelewa!"

"Mnywaji ni mimi. Yenyewe haijaonja kitu."

Tsiala alitamani ardhi ipasuke immeze. Simu ile ilitumia jedwali la zamani, lisilozijua kabisa herufi kubwa. Na yeye, mtu wa kazi hiyo hiyo, alikuwa amejaribu kwa simu moja tu, mpya, ya kwake! Akasimama.

"Bwana Zaur, kosa ni la..."

"Letu," Mzee akamkatiza, uso umemwiva. "Tumekosea. Lete kalamu mbili."

Akazileta. Mzee akavaa miwani, akavuta chupa ya kwanza, akaandika anwani kwa mkono chini ya mraba, herufi ndogo ndogo, ulimi nje. Zaur akaichapa kwenye simu. Ikafunguka.

"Hizi za mkono ndizo nzuri," akasema Zaur. "Nachukua zote. Na mia nne nyingine, hivi hivi."

Mzee akamsogezea Tsiala kiti.

"Keti, mwanangu. Wewe andika mia tano, mimi mia tatu. Mimi mzee."