Laini Imekutwa Nzima

Watu wa mtaani walimwita Koleo, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa fundi wa nyaya wa kampuni kubwa ya simu, ile ambayo watu wenyewe waliibatiza Mwenye Nguzo, maana kila nguzo uliyoiona, kila waya uliopita juu ya paa lako na kila kabati la chuma lililosimama kando ya barabara lilikuwa mali yake. Koleo alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye magoti mabovu kwa sababu ya kupanda ngazi, na hakuwa na makuu. Alichotaka ni kustaafu salama na kumwona dada yake ametulia.

Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na saba na Koleo saba. Akaacha shule, akakaa kwenye cherehani, akamsomesha mdogo wake kwa kupunguza suruali za watu. Akaolewa kwa kuchelewa, akafiwa na mume mapema, na alipofika miaka hamsini na tano macho yakamgomea, uzi haupiti tena kwenye sindano. Wacha nikuambie, inauma kumwona mshonaji hodari akipapasa tundu la sindano kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza. Cherehani akaifunika kitambaa na kuisukuma ukutani.

Hapo ndipo ilipoingia kampuni ndogo. Sheria ilikuwa imebadilika. Mwenye Nguzo alilazimishwa kuwauzia wengine laini zake kwa jumla, nao waziuze rejareja kwa jina lao na kwa bei yao. Hiyo ndogo watu waliiita Nusu Bei, ingawa bei yenyewe haikufika nusu. Watu bwana, wakikipenda kitu wanakitia chumvi. Ilihitaji wakala kila mtaa, mtu wa kukaa mezani, kuandikisha wateja na kupokea malalamiko yao. Dada akapanga chumba kidogo kati ya duka la viatu na kinyozi, akaweka meza, viti viwili na simu, akabandika bango dirishani. Mwaka wa kwanza aliandikisha laini thelathini, wa pili zikafika themanini na moja. Zahanati ilihamia, mwenye nyumba ya wageni akahamia, mwalimu mkuu naye akahamia. Na wala hawakuhamia Nusu Bei, hiyo Nusu Bei waliijulia wapi? Walihamia kwa dada. Walisema yule mama hajawahi kumharibia mtu nguo, hawezi kuwaharibia simu.

Sasa sikiliza. Laini ya mteja wa Nusu Bei ikifa, Nusu Bei haina fundi wala ngazi. Inajaza fomu, inaipeleka kwa Mwenye Nguzo, naye ndiye anayetuma fundi. Yaani unamwomba mshindani wako akufungulie duka lako mwenyewe! Ofisini kwa akina Koleo kulikuwa na trei mbili juu ya meza ya msimamizi. Fomu za wateja wa Mwenye Nguzo zilikaa trei ya juu, za wateja wa Nusu Bei trei ya chini. Hakuna aliyeagiza kwamba za chini zicheleweshwe, wala hakuna barua iliyoandikwa. Msimamizi alisema tu, kwa upole kabisa, malizeni kwanza za juu. Na za juu haziishi. Siku sita, siku nane, siku kumi, mtu yuko nyumbani na simu iliyokufa, na huku Mwenye Nguzo anamtumia mjumbe kumwambia kwamba akirudi kwao atatengenezewa kesho.

Mara ya kwanza ilikuwa zahanati. Dada alikuja nyumbani kwa Koleo akakaa, akashika tama. Hakulia, si mtu wa kulia. Alieleza tu kwamba muuguzi amekuja kwake mara tatu tangu asubuhi, kwamba mama mjamzito amebebwa mgongoni kwa sababu hakukuwa na namna ya kuita gari la wagonjwa, na kwamba watu wameanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kesho yake, saa ya chakula, Koleo alichukua mkoba wake wa vifaa akaenda kwa miguu mpaka kwenye kabati la nyaya, akalifungua kwa ufunguo wake wa kazi, akakuta kiungo kimeshika kutu. Akakata, akaunga upya, akapima, akafunga. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini.

Siku ya saba ile fomu ya zahanati ikatoka trei ya chini, ikamfikia. Aandike nini sasa? Hawezi kuandika kwamba ameitengeneza siku ile, kwa sababu siku ile hakutumwa, na fundi kufungua kabati bila kutumwa ni kosa la kufukuzwa. Alikuna kichwa, kisha akaandika: "Fundi amefika. Laini imekutwa nzima." Akatia saini.

Basi, ikawa ndiyo desturi. Dada anampigia jioni, anamtajia nyumba, kesho saa ya chakula Koleo yuko kwenye kabati. Fomu ikija wiki inayofuata, anaandika maneno yaleyale. Mkewe alimwonya, akamwambia kwamba wifi yake ni mtu mzuri sana lakini yeye Koleo sasa ameajiriwa na kampuni mbili, na moja haimlipi. Koleo alicheka. Dada naye alicheka, akasema wifi ana wivu wa bure. Mitaa mingine wateja wa Nusu Bei walikuwa wanalia na kurudi kwa Mwenye Nguzo mmoja mmoja. Mtaa wa dada hakuondoka mtu. Dada alipopita barabarani aliamkiwa mpaka na wenye magari. Koleo alikuwa na furaha isiyo kifani. Tangu azaliwe yeye ndiye aliyekuwa akipewa, sasa na yeye alikuwa na cha kumpa dada yake.

Mwaka wa tatu Nusu Bei ikaona inakufa. Ikapeleka malalamiko kwa tume inayosimamia mambo ya simu: Mwenye Nguzo anachelewesha makusudi laini za wateja wetu. Tume ikataka ushahidi. Mawakala wa mitaa mingine walikuwa wametupa karatasi zao au wamefungia mihogo. Ni dada peke yake aliyekuwa na nakala ya kila fomu, sabini na nne, zimebanwa pini vizuri, kila moja ina tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kufungwa. Siku sita. Siku tisa. Siku kumi na moja. Meneja wa Nusu Bei alizifunua akaziita dhahabu. Akasema wakishinda, tume itamlazimisha Mwenye Nguzo kutengeneza laini zote kwa zamu bila kuangalia ni za nani. Wakishindwa, Nusu Bei inafunga virago na chumba cha dada kinafungwa nayo. Kwa hiyo dada ndiye atakayekuwa shahidi.

Utasema, hawakuona? Hawakuona, na si wajinga. Fomu zililala kwenye trei siku hizo zote, hilo ni kweli tupu, wote wawili walilijua. Walikuwa wameshika hiyo kweli kwa mikono miwili, hawakutazama kilichokuwa pembeni yake. Koleo alipopata barua ya kampuni yake ya kumwita kwenye tume kama fundi wa eneo, alidhani anaitwa kwenda kukaa kimya nyuma.

Chumba cha tume kilikuwa na meza ndefu, feni mbili na madirisha yaliyogoma kufunguka. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyesikiliza kila mtu kwa utulivu, mkono shavuni. Dada alivaa gauni lake la bluu. Alieleza vizuri sana, bila haraka, akataja tarehe bila kusoma. Koleo, kwenye kiti cha nyuma upande wa kampuni, alimsikiliza moyo umejaa.

Kisha wakili wa Mwenye Nguzo akasimama. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia dada, akamwomba asome kilichoandikwa chini ya fomu ya kwanza. Dada akaivuta karibu na macho. Akasoma kwamba laini imekutwa nzima. Akaombwa asome ya pili, na ya tatu. Alipofika ya sita sauti ikaanza kumpungua. Wakili akatoa karatasi nyingine, kumbukumbu za mtambo, ambao huandika wenyewe saa laini inapokufa na saa inapofufuka. Laini zote sabini na nne, alisema, zilirudi siku hiyohiyo au ya pili yake. Akauliza kwa upole kabisa: mama, ni nani hasa aliyecheleweshwa?

Dada alijua jibu. Angeweza kulisema kwa sentensi moja. Aliinua macho, akamtafuta mdogo wake kule nyuma, akamwona, akayashusha. "Sijui," akasema.

Watu wakanong'ona. Meneja wa Nusu Bei akamgeukia kwa jicho ambalo Koleo hakuwahi kuona mtu akimtazama nalo dada yake, jicho la kumwona mtu mwongo. Koleo akasimama kabla hajajua kwamba amesimama. Dada alitikisa kichwa, kidogo sana, kumkataza. Koleo hakumwona, au alimwona akaamua kwamba safari hii hamtii.

"Nilizitengeneza mimi," alisema. "Kwa siri, saa ya chakula, kwa sababu huyu ni dada yangu. Fomu zilikuwa zinalala ofisini. Ningengoja nitumwe, wale watu wangekaa wiki nzima bila simu."

Alihisi amefanya jambo kubwa. Kazi imekwenda, kiinua mgongo kimekwenda, lakini dada amesafishwa. Alikuwa tayari kabisa. Wakili hakushtuka, alimtazama kama mtu aliyeletewa kiti.

"Wakati huo ulikuwa umeajiriwa na nani?"

"Na kampuni."

"Na vifaa, na ufunguo wa kabati?"

"Vya kampuni."

"Asante, fundi." Akamgeukia mwenyekiti. "Basi tumesikia. Fundi wa kampuni, kwa vifaa vya kampuni, aliwahudumia wateja wa mshindani ndani ya siku moja, kwa miaka miwili mfululizo, hata kabla ya fomu kumfikia. Sina la kuongeza."

Koleo alifungua mdomo aseme habari za zile trei mbili, akaambiwa akae. Mwenyekiti aliuliza kama kuna karatasi za mtaa mwingine wowote, mtaa ambao wakala wake hakuwa na ndugu kwa Mwenye Nguzo. Meneja wa Nusu Bei alipekua mkoba wake muda mrefu, ingawa alijua hakuna. Malalamiko yakatupwa kabla ya adhuhuri.

Nje, kwenye korido, wakili alimfuata Koleo akampa mkono na kumshukuru, mbele ya dada yake. Na yeye, kwa mazoea tu, kwa kulelewa vizuri na huyohuyo dada, akaupokea.

Hakufukuzwa. Afadhali wangemfukuza! Kampuni ilimwandikia barua ya pongezi kwa kuhudumia wateja wote bila ubaguzi, ikaibandika kwenye ubao wa matangazo yeye akiwa anatazama. Wiki hiyo hiyo Nusu Bei ikatangaza kwamba inaondoka. Laini themanini na moja za mtaa wa dada zikaandikiwa fomu za kurudi kwa Mwenye Nguzo, na zikawekwa trei ya juu. Msimamizi alitaka ziishe mapema. Koleo alizimaliza kwa siku mbili, na ya mwisho ilikuwa ya chumba cha dada, hiyo ya kukatwa kabisa. Alimkuta anang'oa bango kwa kucha, amekwisha kunja vitambaa vya viti. Walizungumza habari za watoto. Alipochomoa waya, dada alimsogezea kiti asipige magoti sakafuni.

Hakumlaumu hata siku moja. Angemlaumu, Koleo angejua la kufanya. Angeomba radhi, angelia, wangeyamaliza. Lakini kila alipoanza, dada alimkata: wote wawili walitaka, wote wawili walicheka, basi yaishe. Watu wa mtaani ndio hawakuyaacha. Walikuwa wamesikia kwamba dada alidanganya mbele ya tume, na kwamba alikuwa na mdogo wake huko kwa Mwenye Nguzo siku zote. Mwenye nyumba ya wageni aliacha kumwamkia. Dada akabaki nyumbani na cherehani asiyoweza kuitumia.

Miezi minne baadaye Koleo alipita kumjulia hali, akakuta ngazi imeegemezwa ukutani na fundi asiyemjua yuko juu, anabadilisha waya wa taa ya barazani. Kazi ya dakika kumi. Dada alikuwa amesimama chini, ameshika ngazi.

Koleo alingoja yule fundi alipwe na kuondoka. Kisha akauliza kwa nini hakumwita yeye, yeye aliye hapo mtaa wa pili, ambaye angeifanya kabla hata chai haijapoa.

Dada alimletea maji ya kunywa kwanza. Akakaa mbele yake.

"Usinielewe vibaya, mdogo wangu," alisema. "Naogopa. Ukinitengenezea kitu, naogopa."

Koleo alikunywa yale maji yote, akarudisha glasi. Kule barazani taa ilikuwa inawaka mchana kweupe, dada amesahau kuizima, na yeye hakuthubutu kuinuka akaizime.