Mkono wa Kulia wa Amui

Leung Yiunam alichanja watoto wa Foshan, mji wa kusini mwa China, kwa miaka kumi na minne, na hakuwahi kukosea mkono. Msichana alichanjwa wa kulia, mvulana wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo vitabu vya tiba vinasema joto la mwili hupita. Alifundishwa kwamba mtoto hutoka tumboni mwa mama na sumu iliyojificha ndani kabisa. Ndui ya mitaani huiamsha kwa fujo na kuua. Ndui ya ng'ombe, ndiyo aliyochanja yeye, huiita taratibu, nayo hutokea kwenye ngozi. Lakini ukifungua mlango usio wake, yaani ukichanja mkono usiofaa, sumu hubaki ndani. Aliwaeleza akina mama hivyo, na wakamwamini kuliko wageni walioileta chanjo hiyo kwa meli.

Kila baada ya siku nane ukumbi wa hisani, alikochanja bila malipo, ulijaa. Waliochanjwa mara iliyopita walirudi na malengelenge yaliyoiva. Leung aliyatoboa, akachukua ute na kuuhamishia kwenye mikono ya wengine. Ute wenyewe haukuwekeka, ulikauka upesi. Wasingekuja watoto wapya, chanjo ingekufa mjini.

Mwezi wa pili mfuma hariri mmoja, Mama Amui, alimleta binti yake wa miaka mitatu, mwenye kipuli sikioni. Leung alimchanja mkono wa kulia. Lengelenge likatoka zuri, la mviringo, lenye kishimo katikati, na kufikia siku ya ishirini na moja kigaga kilikuwa kimeanguka.

Siku ya ishirini na nne mama yule alirudi asubuhi mapema, kabla ya wenzake. Ndui ilikuwa imeingia nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Mganga, mchanje tena. Wa kushoto."

"Wa kushoto ni wa wavulana, mama."

Mama Amui akamfunua mtoto nguo. Leung akatazama: alikuwa mvulana.

"Kaka zake watatu wamekufa," mama alisema, jicho likiwa mlangoni. "Huyu tumemwita msichana ili pepo wanaochukua wavulana wampite. Ningesemaje mbele ya watu?"

"Ungeninong'oneza!"

"Kwani hao hawana masikio?"

Watu walipofika, Leung alimchanja mkono wa kushoto. Bibi Kwan, aliyeleta mjukuu karibu kila mwaka, akacheka: "Mganga, leo macho umeyaacha kitandani? Huyo si msichana?" Leung akajifanya hakusikia.

Siku nane zikapita. Mkono wa kushoto ulikuwa umewasha kidogo, ukapoa. Hapakutoka hata kipele.

"Sumu imekataa kutoka," Mama Amui alisema. "Leo hii nampeleka kwa Mzee Fung."

Mzee Fung alitumia njia ya zamani. Alisaga vigaga vya ndui yenyewe na kumpulizia mtoto puani. Wengi walipona. Wachache walizikwa.

"Usiende," Leung alisema kwa sauti ya chini. "Nadhani haikukataa. Nadhani yote ilishatokea mkono wa kulia. Wapo watoto niliowachanja mara mbili kwa sababu wazazi walikuwa na wasiwasi. Mara ya pili haikutoa kitu hata kwa mmoja."

"Hao walichanjwa mkono wao."

"Labda mkono si kitu, mama."

Mama akamkazia macho. "Labda? Miaka yote umetuambia mkono ndio mlango. Kama si kitu, waambie na hawa. Ukiwaambia hawa, nitakuamini."

Ukumbini walikuwa wanawake kumi na tisa. Leung alifuta kisu chake, akakifuta tena, kisha akasimama.

"Akina mama, nimekuwa nikiwafundisha jambo nisilo na hakika nalo. Chanjo inashika mkono wowote."

Kwanza walicheka. Kisha Bibi Kwan akauliza, "Wowote? Basi na vitabu ni vyovyote tu?"

"Katika hili, nadhani vimekosea."

"Nani kakwambia? Umeona nini?"

Leung akamtazama Mama Amui. Alikuwa amemkumbatia mtoto, kiganja kimefunika sikio lenye kipuli. Ushahidi wote aliokuwa nao ulikuwa kifuani pa mwanamke yule, na hakuweza kuutaja.

"Siwezi kusema," alijibu.

"Hawezi kusema! Kwa hiyo wajukuu zangu uliwachanja au uliwakwaruza?" Bibi Kwan alimnyakua mjukuu wake, lengelenge likiwa halijatobolewa, akatoka. Wengine wakainuka mmoja mmoja, wakinong'onezana. Walibaki watano, na kati ya watoto wao ni mmoja tu aliyekuwa na lengelenge lililoiva, ambalo Leung alikuwa ameshalitoboa.

Mama Amui aliinama kidogo mbele ya Leung, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Leung alimfuata hadi mlangoni. Kwenye kona, njia ya kulia ilikwenda kwa Mzee Fung. Ya kushoto ilirudi mtaani kwao, ambako asubuhi hiyo ndui ilikuwa imefika nyumba ya pili kutoka kwao. Mama Amui alisimama kidogo, akamweka mtoto sawa mgongoni, akashika ya kushoto.

Alikuwa amemwamini. Leung alifungua kinywa amwite, amwambie asubiri, ampeleke mtoto kwa ndugu nje ya mji, maana na yeye hakuwa na hakika. Lakini nyuma yake mtoto mwenye lengelenge alikuwa ameanza kulia, na ute pekee uliobaki ulikuwa ukikauka. Akageuka, akarudi ndani.