Bastola ya Risasi Moja

Bwana alinipeleka Makambako kwa sababu ya mkono wangu. Asubuhi hiyo nilikuwa napiga deki veranda, maji yakiuma mifupa kama yanavyouma Njombe mwezi wa sita, akaja akasimama mbele yangu na kofia yake mkononi.

"Yaya, acha hiyo kazi. Vaa sweta, twende Makambako tukatafute bastola."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza ni bastola ya nani.

"Ya Mama. Hataki kutoka ndani, unajua mwenyewe. Lakini zile glavu alizokupa zinakutosha. Mkono wako na wake ni sawasawa. Itakayokukaa wewe, itamkaa na yeye."

Bwana na mkewe, niliyemwita Mama, waliniita Yaya ingawa nyumba ile haikuwa tena na mtoto. Nilipata kazi pale baada ya mume wangu kufia Tanga, kwenye mkonge, alikokwenda manamba, kibarua cha mkataba. Habari ya kifo chake ililetwa na mwenzake mmoja aliyerudi, pamoja na blanketi lake. Tulikuwa hatujapata mtoto. Shamba la Wazungu lilikuwa la miti ya miwati, ambayo magome yake huuzwa kwa kutengenezea ngozi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu Yakobi, na Bwana ndiye aliyelisimamia. Binti yao nilimpokea akiwa na wiki tatu. Nilimbeba kwa mbeleko kama wanavyobebwa watoto wa kwetu, na Mama hakunikataza. Alicheka tu, akaniomba nimfundishe kufunga. Mtoto akajifunza kukaa, akaota meno mawili. Homa ilimshika Jumatatu. Alhamisi tulimzika kilimani, nyuma ya nyumba.

Mama hakulia. Alikaa kwenye kiti kinachotazama kilima, siku hadi siku, na chai ikapoa mbele yake. Hawakuniachisha kazi. Nadhani hakuna aliyekumbuka kuniachisha.

Bwana alilazimika kwenda kukagua mashamba ya mbali, siku tatu au nne kila safari, na hakupenda kumwacha mkewe bila silaha. Akampa bastola yake ya vitani. Wakatoka nje, Mama akaielekeza kwenye kichuguu, akafyatua. Ile bastola ilipiga teke, ikarudi, ikampasua juu ya jicho. Aliiweka chini kwenye majani, taratibu kabisa, akaingia ndani huku damu inamtiririka. Mimi ndiye niliyemsafisha. Tangu siku hiyo, hata mlango ukijibamiza kwa upepo, alikuwa anatetemeka.

Mgeni mmoja aliyepita akamlaumu Bwana. Alimwambia kwamba anayeanza kujifunza hapewi silaha inayompiga, hupewa ndogo, ya risasi ndogo, mpaka mkono na moyo vizoee. Tena alimjua mzee mmoja Makambako, mwindaji, anayeuza zake kabla ya kurudi Ulaya. Ndivyo safari yetu ilivyopatikana.

Lakini mimi nilikuwa na hofu nyingine ambayo nilidhani Bwana haijui. Wiki iliyotangulia, nikiwa natandika kitanda, Mama alisema bila kugeuka dirishani, "Pale kilimani kuna nafasi ya watu wawili." Alisema kwa Kiswahili, kwa hiyo alisema na mimi. Nilimaliza kutandika. Kwa Kibena ningepata maneno ya kumwambia Bwana, mtu mzima, jambo kama hilo kuhusu mke wake. Kwa Kiswahili changu cha shule ya misheni sikuyapata. Nikapanda gari bila kumwambia, na njia nzima hadi Makambako nilikuwa najiuliza kama ninakwenda kumsaidia yule mwanamke au kumchimbia kaburi.

Mwindaji alikuwa amepanga chumba kwenye hoteli, pale njia ya Njombe inapoachana na ile ya Mbeya. Alikuwa mzee mrefu, ngozi imekauka kwa jua la Usangu. Alinisalimu kabla ya kumsalimu Bwana. "Kamwene," akasema, salamu ya kwetu, nikaitikia kwa mshangao. Bwana alipomweleza habari ya mkono wangu hakucheka. Alitandaza taulo juu ya meza uani, akapanga bastola tatu, zote zimefunguliwa ili tuone kwamba ni tupu.

Kwanza alinionyesha risasi. Ilikuwa nyembamba kama penseli, fupi kuliko kiungo cha kidole changu kidogo.

"Zote tatu zinakula hii," akasema. "Baruti yake kidogo. Inawashwa kwa kugongwa ukingoni mwa kitako, siyo katikati kama zile kubwa. Haina teke, na mlio wake ni kama kijiti kikavu kinapovunjika. Lakini inaua. Mtu akikuambia hii ni ya kuchezea, mnyang'anye."

Ya kwanza ilikuwa ya mfukoni, inang'aa, nyepesi kama kijiko. Niliipenda. Mzee akaniambia niilenge kwenye ufa wa ukuta, nikaona ncha yake inacheza huku na huku.

"Umeona? Wepesi huo ndio ubaya wake. Mkono ukitikisika, nayo inatikisika. Tena mtutu ni mfupi. Ukikosea kidogo hapa, kule umekosea sana. Mwanafunzi atakata tamaa siku ya kwanza."

Ya pili ilikuwa na magazini ya risasi kumi na ilijipakia yenyewe. Bwana aliichukua akaigeuzageuza, nikajua ameshaichagua moyoni. Mzee aliisifu kwa uzito wake mzuri, ila akasema wanaoanza huchomoa magazini wakadhani bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba, nyuma ya mtutu.

Ya tatu haikuwa na sura ya kuvutia. Ilikuwa na mtutu mrefu na mpini wa mbao uliochakaa. Ilibeba risasi moja tu.

"Hii ni ya shule," akasema. "Unatia moja, unapiga, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Inakufundisha subira. Na ikigongwa isilie, kwa maana risasi hizi zina tabia hiyo, unaendelea kuielekeza kule kule kwenye shabaha, unahesabu mpaka thelathini, ndipo unafungua."

Tulikwenda nyuma ya jengo, kwenye ukingo wa udongo. Nilipiga na ile ya pili, kisha na hii ya tatu. Nilitarajia kuumia, sikuumia. Shabaha ilikuwa kopo la jamu, na kwa ile ya mtutu mrefu nililigusa mara ya nne. Kitu fulani kilinifunguka kifuani ambacho hakikuwa furaha. Kwa muda ule mfupi wa kulenga sikuwa nimemfikiria mume wangu, wala mtoto. Nililiona kopo tu.

"Ipi?" Bwana akauliza.

"Hii ndefu, Bwana."

"Ile nyingine inachukua kumi."

"Hii ndiyo iliyonikaa mkononi."

Hiyo ilikuwa kweli, lakini nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba bastola ya risasi moja inamhitaji mtu wa kukupa ile moja.

Wakati wa kurudi tulipita boma la Njombe, Bwana akaandikisha silaha yake. Alipotoka nilikuwa nimeshakusanya ujasiri. "Bwana, risasi nizitunze mimi," nikamwambia. Akatoa mfukoni mwa koti kopo la risasi alilouziwa na mwindaji, akaliweka mapajani pangu, akawasha gari. Nadhani alielewa. Nadhani alikuwa ameelewa kabla yangu na hakuwa na pa kulisemea.

Mama hakutaka hata kuiona. Bwana akanielekeza nikafanye mazoezi mwenyewe, nyuma ya ghala la magome, mahali ambapo Mama angesikia jinsi mlio wake ulivyo mdogo. Mwafrika kushika bastola halikuwa jambo la kuonyesha watu, mwanamke ndiyo kabisa, kwa hiyo Bwana alisimama nami kila mara, ili mtu asije akanihoji. Siku mbili nilipiga makopo, Bwana akiwa kando. Siku ya tatu Mama alitokea, amejifunika shali, nywele hazijachanwa.

"Unapinda kiwiko," akasema.

Ndivyo alivyoanza. Msimu wote wa baridi tulitoka asubuhi ukungu ukishapanda, na Bwana alipoona tumeshazoea alirudia safari zake, tukabaki wawili. Nilisimama kulia kwake na kopo ndani ya aproni, namkabidhi risasi moja. Akipiga, nampa nyingine. Mwanzoni mkono ulimtetemeka kiasi kwamba risasi zilikwenda kwenye majani. Baadaye akajifunza kuvuta pumzi, kuitoa nusu, kubana kifyatulio polepole kama anayekamua tone la mwisho. Kovu la juu ya jicho likafifia. Akaanza kula uji. Siku moja alipiga makopo matano bila kukosa, akanigeukia, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya kilimani.

Ilikuwa siku hiyohiyo aliponyoosha mkono na kusema, "Nipe kopo lote."

Sikutoa.

"Yaya. Unafikiri nitajiua?"

Hakukuwa na upepo. Nilisikia wanaobandua magome wakiitana mbali huko miwatini. Nikamwambia ukweli, kwamba ndiyo, niliogopa hivyo tangu siku ile aliyosema habari ya nafasi ya watu wawili.

"Uliogopa kwa sababu gani? Mimi si ndugu yako."

Nikamweleza kitu ambacho sikuwa nimemweleza hata mama yangu. Lile blanketi la mume wangu lilipofika, nilikwenda nalo mtoni Ruhuji, nikasimama kwenye jiwe kuanzia asubuhi hadi jua likawa kichwani. Hakuna aliyekuja kunitafuta. Nilirudi kwa sababu ya baridi tu, miguu ilikufa ganzi nikashindwa kusimama. Sikuwa na sababu nyingine nzuri ya kumsimulia.

Mama alikaa chini, palepale kwenye magome ya miwati. Alilia kama mtoto anayeumwa tumbo, amejikunja. Nami nikakaa. Nililia kwa ajili ya binti yao, ambaye hakuna aliyewahi kuniuliza kama nami nilifiwa naye. Tulipochoka alichukua bastola, akaifungua, akahakikisha ni tupu, akanipa. "Itunze na hii," akasema. "Nikiwa tayari nitakuambia."

Hakuwahi kuniambia. Tuliendelea na mazoezi, risasi moja moja, hadi mvua zilipoanza. Mwaka uliofuata Bwana alihamishwa, wakaamua kurudi kwao. Bastola, Bwana aliikabidhi boma. Mama alinikumbatia mbele ya wafanyakazi wote, jambo lililowashangaza, akaniomba nimwangalizie kaburi. Niliangalia kwa miaka mitatu. Msimamizi mpya alipopanua shamba, alipanda miwati hadi kilimani, na kijiwe kidogo cha kaburi kikapotea chini ya majani. Nilizunguka siku nzima nikipapasa, sikukiona.

Baadaye nikapata kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya Ilembula. Barua ya Bwana ilinifuata huko, nikampelekea mwalimu wa jirani anisomee, maana iliandikwa Kiingereza. Alisoma kimya kwanza, kisha akavua miwani.

"Mama yule uliyemfanyia kazi amefariki."

Nilimwuliza kama imeandikwa amekufaje. Mwalimu alishangaa kidogo kwamba hilo ndilo swali langu la kwanza.

"Ugonjwa wa kifua," akasema. "Alilazwa hospitalini wiki tano. Mumewe alikuwa naye."

Nikasema, "Namshukuru Mungu." Maneno yalinitoka kabla sijayazuia. Mwalimu akaniangalia, nikaona aibu hadi masikioni. Nilikunja barua, nikarudi kazini. Mashuka yalikuwa bado yanachuruzika kwenye kamba. Nikayaacha, nikaenda kukaa nyuma ya jengo la kufulia, ambako hakuna mtu angenitafuta.