Kumrudisha Bi Mweupe kwa Wenzake

Binti yangu mkubwa anafuga simbilisi, wale panya wanene wasio na mkia, na mtaa mzima unamwita Daktari. Wanamtania, lakini jike wake akikaribia kuzaa, majirani hao hao ndio wa kwanza kuulizia hali. Ni mtu wa maneno machache. Wasiwasi kaniachia mimi mama yake.

Bandani ana majike wanne na dume mmoja. Mwenye mimba humtenga chumba cha nyuma, maana dume yule hana subira: mwenzake akizaa asubuhi, jioni keshampachika nyingine. Watoto wakiacha kunyonya, mama yao anarudishwa. Hapo ndipo penye hatari. Mwaka jana mmoja alirudi, wenzake wakamng'ata mpaka akafa, na binti yangu hakula siku mbili. Safari hii ilikuwa zamu ya Bi Mweupe, jike wake anayezaa vizuri kuliko wote.

Nami, kwa kutaka mema, nikamwogesha kwa sabuni ya kufulia. Mtu anarudi kwao, arudi msafi.

Daktari alimnusa mara moja tu. "Mama, umemfanya nini?"

"Nimemtakatisha."

"Umemfanya mgeni! Hawa wanajuana kwa harufu."

Akamkausha kwa taulo la baba yake, akachota nyasi chafu za bandani, akampaka yeye na wenzake watatu. Kisha akawaingiza wote wanne bafuni, ambapo hakuna aliyepazoea, akatawanya majani mabichi sakafuni. Dume hakualikwa.

Jike wa kahawia, tunayemwita Shangazi, alisimamisha manyoya, akagonganisha meno, akamvamia Bi Mweupe. Nikadaka ufagio.

"Weka chini, mama."

"Atamuua!"

"Anamkimbiza tu. Tukiwatenganisha sasa, kesho vita inaanza upya. Nisipoona damu, hakuna kugusa."

Mlango ukagongwa. Mume wangu alitaka kuoga. "Humo kuna nini?"

"Kikao cha wanawake," nikamjibu. "Subiri."

Mzunguko wa tatu, Shangazi alimbana Bi Mweupe kwenye kona. Nikaziba macho kwa kiganja, vidole nimeviachanisha. Bi Mweupe hakukimbia. Aliinamisha kichwa, akatoa kilio chembamba. Shangazi akamnusa mbele, akamnusa nyuma, taratibu, kama mama mkwe anayekagua vyungu. Halafu akamgeuzia mgongo, akaanza kula. Bi Mweupe akasogea, akavuta ncha ya pili ya jani lile lile.

"Tayari?" nikanong'ona.

"Bado."

Tuliketi kwenye sakafu yenye maji mpaka wote wanne wakawa wamebanana wanakula. Ndipo Daktari akawatia kwenye kapu moja kwa pamoja, ili asitangulie mmoja akajifanya mwenye nyumba.

"Shika huku, mama. Polepole."

Nilishika kwa mikono miwili. Tukatembea mpaka bandani, na mle kapuni hakikusikika kitu ila kutafuna.